Mashine Iliyolala Tangu Volkano

Mume wangu alikuwa na kompyuta mbili ndani ya kompyuta moja, na kwa muda mrefu niliamini ananitania.

Tulikaa upande wa Buhene, chini ya volkano ya Nyiragongo, kwenye nyumba ya mbao. Kompyuta yenyewe ilikuwa ya kijivu na nzito, betri yake imekufa, ikiishi kwa waya tu. Aliinunua kwa mfanyabiashara aliyeshusha mzigo mzima wa kompyuta za namna hiyo kutoka Kampala. Yeye alikuwa mwalimu wa kwaya, na wanakwaya walimletea nyimbo kwenye flashi, na kila flashi ilikuja na virusi vyake. Ndipo kijana mwenye cyber, duka la intaneti, kule Mabanga alipomfundisha kutengeneza mashine pepe, yaani kompyuta isiyo na chuma, inayoishi ndani ya dirisha moja kwenye skrini. Ndani ya dirisha lile akaweka Linux, mfumo mwepesi usiohitaji nguvu nyingi. Flashi zote zikafunguliwa humo. Kibaya kikiingia, kinabaki humo.

Mimi shule niliishia mwaka wa pili wa sekondari. Nililielewa jambo hilo hivi: ni mpangaji wa chumba cha nyuma. Ana mlango wake na jiko lake, lakini umeme anatumia wetu.

Mume wangu alipenda sana maelezo hayo. "Huyu mupangaji haombake kitu," alikuwa akiwaambia wageni, akionyesha dirisha lake dogo la kijani.

Kilichomfurahisha zaidi ni kwamba mpangaji huyo alijua kulala. Kwetu umeme ulikuwa unakwenda na kurudi ukitaka. Akiona taa inaanza kufifia, mume wangu alikuwa anailaza mashine pepe kama ilivyo, kazi ikiwa katikati, na yote yanaandikwa kwenye diski ya nje iliyochomekwa pembeni. Ukiiamsha, inaendelea pale pale ilipoachia. Haijui hata kama ililala.

Jioni ya volkano alikuwa anarekodi ubeti wa tatu wa wimbo wake mpya, na mimi nilikuwa napika maharagwe. Tukasikia kelele barabarani. Nilipotoka nje, mbingu juu ya Nyiragongo ilikuwa nyekundu. Nilirudi mbio nikabeba sufuria, kwa sababu ndicho kitu nilichokuwa nakifikiria. Yeye nikamkuta ameketi.

"Papa, moto unakuja na wewe unakaa!"

"Mama, ngoja kidogo, nailaza."

Akabonyeza, akangoja, akachomoa diski, akaitia kwenye mfuko wa koti. Kompyuta ya kijivu ilibaki mezani, na nyumba yetu sasa iko chini ya mawe meusi. Tulitembea na watu kuelekea Sake, yeye na diski yake, mimi na maharagwe yangu. Watu walitucheka, wakauliza kama tunakwenda arusini. Asubuhi tuliyala pamoja nao kando ya njia, kwa mikono, na hakuna aliyecheka tena isipokuwa kwa kushiba.

Baadaye tulipanga chumba Mabanga. Hatukuwa tumepata kompyuta nyingine ugonjwa wa kifua ulipomchukua. Sitaandika mengi juu ya hilo. Nilikuwepo, inatosha.

Mwaka ulipokaribia kutimia, ikabidi kupanga siku ya kuondoa matanga. Vita vilikuwa vimerudi Rutshuru, na nusu ya wanakwaya walikuwa wanalala kwenye mahema ya wakimbizi Kanyaruchinya. Hata hivyo walituma neno: tutakuja, tutaimba wimbo wake. Walijua beti mbili tu. Wa tatu alikuwa hajawafundisha.

Nitasema ukweli: ubeti haukunisumbua mimi. Nilitaka sauti. Simu iliyokuwa na sauti yake iliibwa njiani siku ile ya Sake. Na ule wimbo hakuwahi kuuhifadhi. Aliilaza mashine upesi, kurekodi kukiwa kunaendelea. Sauti yake ilikuwa ndani ya usingizi wa mashine ile, na hapakuwa na pengine popote.

Nikampelekea kijana wa cyber diski. Kwanza akatoa nakala, kisha akajaribu kuiamsha. Yakatokea maandishi mekundu.

"Mama, iko inakataa."

"Inakataa nini?"

"Kuamka huku kwangu. Ililala juu ya prosesa ya zamani, na hii yangu ni mupya. Ni kama mutu alalie kwa kitanda yake, halafu aamukie kwa kitanda ya bwana mwingine."

"Hata mimi ningekataa."

Akacheka, halafu akaacha kucheka. Alisema angeweza kuitupa ile hali ya usingizi, mashine iwake upya, na mafaili yote ya zamani yawepo. Ila kile ambacho hakikuhifadhiwa kingepotea.

"Usiguse," nikamwambia.

"Basi tutafute kompyuta kama ile yake. Ya muzigo uleule."

Nilijua ilipo moja. Pale Kituku, kando ya ziwa, mama anayekaanga sambaza, wale samaki wadogo, alikuwa nayo kwenye kibanda chake, ikionyesha filamu kwa wateja wanaokula. Tukaenda mchana, kijana ameshika diski kama yai.

"Mama, tunaomba kompyuta yako kidogo."

"Ya kufanya nini? Watu yangu wako wanaangalia filme."

Nikamweleza. Akaitazama diski, akazitazama nguo zangu nyeusi.

"Marehemu ni ule mwalimu alinitoaka kwa kwaya? Alisemaka sauti yangu inafukuza samaki?"

"Ndiye."

"Na leo anakuja kuomba mashini yangu!"

"Yeye hawezi kuomba, mama. Naomba mimi."

Akafuta mikono kwenye kitenge, akasimamisha filamu. Wateja wakapiga kelele kwamba muuaji alikuwa karibu kukamatwa.

"Mukule samaki," akawaambia. "Muuaji atawangojea."

Kijana aliweka programu yake, akachomeka diski, akabonyeza. Mstari mwembamba ukaanza kutembea kwenye skrini, ukasimama, ukatembea tena. Mkono wangu ulikuwa umeshika meza, na meza ilikuwa na mafuta, na sikuutoa. Yule mama aliinama mpaka kichwa chake kikagusana na changu.

Halafu dirisha likafunguka. Lilikuwa la kijani. Saa iliyo kwenye kona ilikuwa bado ni ya jioni ile. Katikati palikuwa na mchoro wa sauti, wenye vilele na mabonde, na mara ule mchoro ukaanza kusogea mbele.

"Imeamka!" mama wa sambaza akapiga kelele. "Ee Mungu, imeamka!"

Na mchoro ukaruka juu. Mashine ilikuwa bado inarekodi. Haikujua kwamba iliacha.

Kijana akaisimamisha, akahifadhi faili, akalinakili kwenye flashi na kwenye simu yangu kabla hajasema lolote. Ndipo akatuchezea ile sauti.

Mume wangu aliimba. Alikohoa, akaanza tena ubeti. Sufuria ikalia, na nikajisikia mimi mwenyewe nikisema, "Papa, huu wimbo utatukatia kuni?" na yeye akicheka kile kicheko chake cha puani. Akaimba ubeti wote mpaka mwisho. Zikaja kelele za nje, miguu yangu, sauti yangu imepanda. Kisha yeye, bila haraka: "Mama, ngoja kidogo, nailaza."

"Imeamka! Ee Mungu, imeamka!"

Kati ya sauti yake na sauti ya yule mama hapakuwa na hata pumzi moja. Kukimbia, Mabanga, hospitali, kaburi, vyote havikuwemo. Nililia, ndiyo, lakini wale walaji wa samaki waliokuwepo watakuambia kwamba nilikuwa nacheka.

Nililipeleka faili Kanyaruchinya, na wanakwaya wakajifunza ubeti wa tatu kwa kulisikiliza kwenye simu, wameizunguka kama watu wanaoota moto. Mama wa sambaza naye alifika kwenye mazoezi bila kuitwa. Alisema kama sauti yake imo ndani ya wimbo wa mwalimu, basi mwalimu amemrudisha kwaya, na anayepinga akamuulize mwenyewe. Hakuna aliyepinga.

Siku ya kuondoa matanga nilivua nguo nyeusi, nikavaa kitenge cha manjano alichokipenda. Kwaya ikaimba vizuri. Mama wa sambaza alikuwa mstari wa pili, na ni kweli, sauti yake ingewafukuza samaki wote wa ziwa Kivu. Ubeti wa tatu ulipoisha, wote wakanyamaza kama walivyofundishwa. Yeye akapiga hatua moja mbele, akanyoosha mikono, akapaza sauti, "Imeamka! Ee Mungu, imeamka!" kwa sababu aliamini kabisa kwamba hiyo ndiyo sehemu yake.

Pasta alikuwa wa kwanza kucheka. Mimi nilikuwa wa mwisho kunyamaza.