Nilimsimulia Keji kitabu cha kwanza na cha pili, cha tatu akakikataa

Wakuu, salaam kutoka Arua, Uganda.

Hili lililonipata halina chumvi. Ningetaka kutia chumvi ningejipa sehemu nzuri zaidi, na mtaona wenyewe kwamba sina.

Kiswahili cha kwetu West Nile ni cha askari na wafanyabiashara, kwa hiyo watu wakiongea humu nitawaacha waongee kama wanavyoongea. Mimi mwenyewe nitajitahidi.

Nina digrii ya maendeleo ya jamii na sina kazi. Nakaa kwa mama yangu, Onduparaka, jirani na uwanja wa mpira. Nimetuma maombi mpaka nimeanza kuwaza kwamba labda tatizo ni picha niliyobandika, kwamba natabasamu sana, au sitabasamu vya kutosha. Niko hivyo. Mtu akinisalimia kwa haraka naenda nyumbani kutafuta nilichomkosea.

Sasa Keji.

Keji anauza mabegi ya mitumba pale sokoni. Wazazi wake ni watu wa upande wa Yei, Sudan Kusini. Walikimbia vita yeye akiwa mdogo, baba yake akafia huku, na yeye amekulia Uganda. Nilimjua kwa kununua begi la kupelekea vyeti kwenye usaili. Kazi sikuipata, ila kibandani kwake niliendelea kwenda.

Siku moja alifungua belo la mabegi ya shule, ndani ya begi moja akakuta kitabu. Wakuu, si kitabu, ni tofali. Vitabu vitatu vya hadithi vimefungwa pamoja, jalada moja, zile hadithi za vijana zenye malkia na uchawi na ramani mwanzoni. Kiingereza, herufi ndogo kama mchwa.

"Wewe Digrii," akaniambia, "hapa unakaa bure. Chukua hii, soma, uje unisimulie. Mimi sina muda ya kusoma tofali."

Ndivyo nilivyopata kazi yangu ya kwanza tangu nimalize chuo.

Nilikuwa nasoma nyumbani, isipokuwa siku za mechi, maana Onduparaka siku ya mechi huwezi kusoma hata jina lako. Kesho yake naenda sokoni kusimulia. Wateja wakija nanyamaza, wakiondoka naendelea.

Msikilizaji wa pili alikuwa Afande. Huyu ni mzee wa Kiislamu kutoka Koboko, askari mstaafu, fundi wa zipu, cherehani yake iko ubavuni mwa kibanda cha Keji. Alijifanya hasikilizi.

Hadithi yenyewe kwa ufupi. Kuna nchi ambako kila nyumba ina moto wake, na moto huo unaongea. Unajua majina ya watu wote waliowahi kulala humo. Malkia anatuma jeshi kukusanya mioto yote iwe yake. Msichana anaitwa Tamsel anakimbia na kaa moja la moto wa kwao ndani ya chungu. Hicho ni kitabu cha kwanza.

"Ngoja," Afande akasema, sindano mdomoni. "Hiyo jeshi ya malkia inakula nini?"

Nikamwambia kitabu hakijasema.

"Jeshi inatembea miezi, haikuli? Profesa, rudi nyumbani, tafuta chakula."

Nilirudi nikatafuta kweli. Hakuna. Usiku ule nililala nikiwaza kama mwandishi alisahau au mimi niliruka ukurasa.

Kitabu cha pili, Tamsel yuko ng'ambo ya mto, mji wa watu wengine. Kila mtu anamwambia azime kaa lake, achukue moto wa hapa, mbona moto ni moto. Anakataa. Analifunika na majivu kila siku lisife. Mwishoni anaingia mtoni kurudi kwao, chungu kichwani, maji kiunoni. Kinaishia hapo.

Keji alikuwa anafuta vumbi kwenye mabegi. Aliacha kufuta.

"Anafika?"

Nikafungua mdomo. Nilikuwa nimeshamaliza cha tatu, sikuweza kujizuia.

"Hapana!" akanikatiza. "Usiniambie. Mama yangu ameenda Yei kuangalia nyumba. Simu yake haipatikani. Akirudi ndiyo utanisimulia. Saa hii sitaki hata kidogo. Na hiyo uso yako pia uifiche."

Sasa eleweni tatizo langu.

Mama yake alikuwa anataka warudi. Amechoka kuishi kwa watu, anasema. Akikuta nyumba iko sawa, Keji aache kibanda waende wote, maana hana mtoto mwingine. Keji hakuwa ameamua. Yei anaikumbuka kidogo tu, Arua ndiyo anayoijua. Na mimi, wakuu, sina haja ya kueleza nilikuwa nataka nini. Nisingekuwa nakaa kwenye kibanda cha mabegi jua lote lile kwa ajili ya zipu.

Na kitabu cha tatu kinasemaje? Tamsel anafika kwao anakuta nyumba ina watu. Familia nyingine, ambayo nyumba yao ilichomwa. Wamewasha moto wao kwenye mafiga ya mama yake. Si watu wabaya. Watoto wao wanamwogopa. Unasubiri vita, unasubiri uchawi, hakuna. Malkia adui mkubwa anakufa kwa homa, aya moja, basi. Mwishoni Tamsel anaweka kaa lake kwenye moto wa wale watu, mioto miwili inachanganyika, inaanza kuongea kwa pamoja majina ya pande zote. Wanampa kona ya jikoni alale. Ukurasa wa mwisho amelala, mgeni kwenye nyumba yao.

Nilisoma huo mwisho tena na tena. Ameshinda au ameshindwa? Sikuelewa, na sijui kama mwandishi mwenyewe anaelewa.

Nikawaza: nikimwambia Keji, atamzuia mama yake, nami nitakuwa nimemzuia mtu kurudi kwao kwa hadithi ya uchawi. Nisipomwambia, akaenda akakuta watu ndani ya nyumba, nitakuwa nilijua nikanyamaza. Halafu nikajiuliza, nilijua nini? Kitabu si Yei! Halafu nikajiuliza kama siku zote nataka kumwambia ili tu asiende. Hapo nikaacha kwenda sokoni kabisa, kwa sababu ya ule uso alioniambia niufiche.

Najua. Msinitukane bado.

Niliporudi baada ya wiki, kibanda cha Keji kilikuwa kimefunikwa turubai.

Afande hakuinua kichwa. "Profesa amefufuka."

"Keji yuko wapi?"

"Ulikuwa mgonjwa?"

"Hapana."

"Umefungwa?"

"Hapana, Afande."

"Basi hakuna sababu. Binti amekuuliza kila siku." Akakata uzi kwa meno. "Mama yake amerudi. Iko kwa dada yake, Lurujo, kule Koboko. Amepiga simu, amesema Keji aje. Sauti ya mama haikuwa nzuri. Binti ameenda jana."

"Nyumba ina watu?" nikamuuliza.

"Nyumba gani ina watu?"

"Ya Yei."

Akanitazama kama anavyotazama zipu isiyotengenezeka. "Mimi nashona. Nenda Koboko, uliza."

Nilienda kesho yake na tofali langu ndani ya begi. Njia nzima nilipanga maneno ya pole. Nilikuwa na uhakika: watu wako ndani ya nyumba, mama amefukuzwa. Nikapanga hata kumweleza kwamba Tamsel naye alikuta watu, halafu nikajikataza kumtaja Tamsel.

Koboko mjini nikachukua boda mpaka Lurujo. Niliwakuta Keji na mama yake uani wanamenya karanga. Mama Keji ni mwembamba, ana sauti kubwa kuliko mwili.

"Huyu ndiye Digrii?" akamuuliza mwanawe mbele yangu. "Mbona mdogo?"

"Mama!"

"Karibu, mtoto yangu. Kaa, menya."

Nikakaa, nikamenya. Keji hakunisalimia. Nikatoa maneno yangu ya pole, kwamba nimesikia habari za nyumba, kwamba ni vigumu watu wengine wakiingia kwenye...

"Watu gani?" Mama Keji akauliza.

"Walioingia nyumbani," nikasema.

"Hakuna mutu," akasema. "Nyumba iko. Mabati wamechukua, lakini kuta imesimama, mlango ya nyuma iko. Choo iko. Nimeingia, nimefagia. Nimelala siku mbili. Jirani wa huku, hakuna. Jirani wa kule, hakuna. Nimeita 'hodi' kwenye barabara nzima kama mwenda wazimu. Hata mbwa hakuna."

Alisema hivyo huku anamenya, bila kuinua sauti. Mimi na pole zangu zote sikuwa na hata moja inayofaa hapo.

Keji akanigeukia. "Haya, mama amerudi. Simulia cha tatu."

"Sasa hivi?"

"Ulikuwa unangoja nini? Si ndiyo imekuficha wiki nzima?"

Nikasimulia. Kwa Kiswahili, Keji akimtafsiria mama yake kwa Kikakwa, lugha yao, pale nilipotumia maneno ya vitabuni. Nilipofika kwenye ile familia ndani ya nyumba niliogopa kuwatazama. Nikamaliza na Tamsel amelala kona ya jikoni.

"Ujinga," Keji akasema. "Ametembea vitabu vitatu aje alale jikoni kwake kama mpangaji? Afadhali angebaki ng'ambo."

"Wewe unasema nini?" Mama yake akaacha karanga. "Huyo msichana iko na bahati! Amekuta watu. Iko na mutu ya kugombana naye, iko na mutu ya kumuuliza umeamkaje."

"Wamechukua nyumba yake, mama."

"Nyumba! Mimi niko na nyumba. Nikupe?"

"Hata shamba hawakumpa!"

"Angeomba. Ana mdomo."

Waligombana, wakuu. Waligombana kweli, kuhusu Tamsel, Kiswahili kikaisha wakahamia Kikakwa, nami sikuelewa tena. Dada wa mama akatoka ndani kuangalia nani amekufa. Nilitaka kusema samahani, hiki ni kitabu tu, huyu msichana hayupo. Nikaona kwamba ndani ya kugombana huko kulikuwa na mengi yaliyokuwa yamesubiri muda mrefu, na Tamsel amewapa pa kuyawekea.

Walipotulia Keji alikuwa amelia kidogo. Akaniambia walichokubaliana, kama mtu anayesoma matokeo ya mpira.

Mama hatarudi peke yake. Anataka kwanza kuwatafuta majirani wa barabara ile, walioko Koboko na Arua na kambini, awaulize nani yuko tayari, waende pamoja mvua ikianza, wapande. Keji atakwenda naye msimu mmoja. Akiona maisha yapo, atabaki. Akiona hayapo, anarudi Arua kuuza mabegi. Afande atashika kibanda.

Kwa hiyo anaenda. Nilivyoogopa, ndivyo ilivyokuwa, ila kwa njia ambayo sikuiogopa.

"Mama anatafuta watu," Keji akasema. "Wewe pia ni mtu."

"Mimi si jirani yenu."

"Sijauliza hiyo. Msimu mmoja. Kupanda, kuezeka. Unaweza au huwezi?"

Nikasema naweza.

Wakuu, lilitoka lenyewe. Sikulipima. Mama Keji akacheka akaniambia niendelee kumenya basi, maana mpaka sasa nimemenya kama mgonjwa. Kuanza kufikiri nilianza nikiwa juu ya boda narudi Koboko, na mpaka naandika hapa sijaacha.

Mama yangu mzazi amesema nimerogwa. "Nimekusomesha ili ukimbilie kule wenzako wanakokukimbia?" Nimemwambia ni msimu mmoja, akasema hata wao walipokimbia vita ya hapa West Nile miaka ile kuingia Kongo waliambiwa ni msimu mmoja.

Nilichojifunza, kama nimejifunza: wiki nzima nilimficha mtu mwisho wa kitabu ili asiumie, kumbe kinachomuumiza hakikuwa hata kwenye kitabu. Na mwisho ambao mimi niliuona wa huzuni, kuna mama kule Lurujo anauonea wivu. Keji bado anasema ni ujinga. Nimeusoma tena jana nikiwa na wote wawili kichwani, na sasa nimechanganyikiwa kuliko mwanzo.

Kwa hiyo nawauliza. Yule msichana ameshinda au ameshindwa? Na ninyi mliowahi kurudi mahali baada ya miaka, mlikuta watu au mlikuta kuta, na kipi kilikuwa kigumu zaidi? Na aliyewahi kuezeka nyumba aniambie ukweli, inauma mgongo kiasi gani, maana nimeshasema naweza.

Semeni lolote, hata kucheka chekeni. Nitasoma kila comment, halafu nitakesha nikijiuliza mlimaanisha nini.