Gari la Mikate Kambini

Mimi ni mtu wa Unguja, na hasira zangu ziko karibu. Hilo nalitanguliza, maana bila hasira zile nisingeapa, na nisingeapa, mambo yasingefika yalikofika.

Miaka ile ya hamsini nilikuwa mwalimu kijana, sijaolewa, na likizo nilivuka maji kwenda Tanga kwa mjomba wangu, mtaa wa Mabawa. Kule kulikuwa nchi nyingine na serikali yake. Sisi tulikuwa na Sultani wetu. Mjomba aliendesha gari la mikate la tanuri moja pale mjini, na njia yake ilipita mashamba ya mkonge ya kuelekea Muheza. Siku moja nikafuatana naye. Nikawaona watoto wa manamba, wale vibarua wa mkonge waliotoka bara, wamekaa vumbini mbele ya mabanda, hawana la kufanya ila kungoja wakue nao wakakate mkonge. Roho iliniuma. Likizo iliyofuata nikaja na mipira mikuukuu ya shule, pete za chuma alizonitengenezea mhunzi, na kisanduku cha dawa ya vidonda. Hakuna aliyenituma.

Uwanja tuliupata mbali kidogo na kambi. Mjomba akishagawa mikate, huwapakia watoto nyuma, kwenye sanduku la bati lisilo na dirisha, akafunga mlango, tukaenda kucheza mpira wa pete. Walilipenda gari lile kwa harufu yake. Miongoni mwao alikuwako msichana wa miaka kama kumi, miguu mirefu, mwepesi, anadaka mpira hata hujajua umerushwa. Baba yake alikwisha kufa, na mama yake hakuwa na mwingine ila yeye.

Jioni moja akaanguka juu ya kisiki cha mkonge, mwiba ukamwingia chini ya goti. Nikamfuta kwa pamba, nikamfunga kitambaa. Ile pamba yenye damu sikuitupa. Kwetu damu ya mtu haiachwi ovyo, wala nywele, wala kucha, asije akaziokota mwenye nia mbaya. Nikaitia koponi, nikafunga kifuniko, nikaondoka nayo kwenda kuifukia uani kwa mjomba. Nilijiona nimefanya adabu.

Kambini walichokiona ni mwanamke mgeni, mwenye buibui, ametia damu ya mtoto koponi, kapanda gari lisilo na dirisha, kaenda zake. Na siku zile pwani nzima habari ilikuwa mumiani, watu wanaosemwa kukamata wenzao wawatoe damu wakaiuze hospitali ikawe dawa. Tulipokuja tena, hakutoka mtoto hata mmoja. Safari iliyofuata mawe yakagonga bati la gari, mjomba akasema basi, yeye ana watoto wa kulea.

Baadaye muuza machungwa mmoja wa Muheza akatupa habari kwamba goti la yule msichana limevimba, homa haishuki, na mama yake kagoma asipelekwe popote. Nikamlilia mjomba. Akakubali safari moja ya mwisho, akinung'unika njia nzima kwamba mimi nitamwua.

Tuliwakuta wanaume wametanda mlangoni kwa yule mama, visu vya mkonge mikononi. Wa mbele akaniuliza kama nimefuata iliyobaki. Lahaula! Hasira zikanipanda, nikasahau kuogopa. Nikawapasha palepale, nikawauliza kama wao ndio watakaomchimbia mtoto kaburi au wanangoja nije nichimbe mimi. Mama akatoka ndani, amekonda, macho mekundu. Akaniuliza nampeleka wapi mwanawe. Nikamwambia hospitali. Akasema huko ndiko damu inakouzwa.

"Apa," akaniambia. "Apa kwa mama yako kwamba hawatachukua hata tone."

Nikaapa. Mama yangu yu hai Unguja, anashona kofia zake, nami namwapia mbele ya umati wa watu.

Akampakia mtoto, akapanda naye nyuma, kisu mapajani, akakataa mlango usifungwe. Mjomba akaendesha polepole, mlango ukijipigiza, na kila shimo nikimsikia mtoto akiguna. Nilikuwa naomba asifie garini. Nilimwogopa yule mama, sisemi uongo.

Hospitali daktari akatazama goti, akasema litapasuliwa leo hii, lakini kwanza ipimwe kama homa ni ya malaria. Akamwita dresa, msaidizi wake. Dresa akaja na sindano ndogo na kipande cha kioo, akakishika kidole cha mtoto.

Mama akaniangalia mimi. Dresa hakumwangalia hata kidogo.

"Tone moja tu," dresa akasema.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mama akambeba mtoto begani, akashika njia ya mlangoni, na ule mguu unaning'inia, umevimba mpaka unang'aa. Nikajua akitoka pale, mtoto ni wa kuzikwa. Nikamkingia mlango, nikamnyooshea dresa mkono wangu, nikamwambia anitoboe mimi kwanza, hapa mbele yake, atoboe vidole vyote akitaka. Akasita, kisha akanitoboa, akaipaka damu kiooni. Mama akakitazama kioo, akanitazama usoni, anangoja nianguke. Nikamwambia niliapa nisichokijua, na kama kiapo kina madhara, yatatupata mimi na mama yangu, mwanawe hayumo.

Alisimama hivyo mpaka mtoto akaanza kulia. Kisha akaketi, akakishika kidole cha mwanawe yeye mwenyewe, akakinyoosha.

Mguu ulipona. Siku moja nilipokwenda kumtazama mtoto, mama akanivuta nje barazani.

"Mimi nimekuamini," akaniambia. "Wale hawataniamini. Wanasema na mimi umeniroga. Usije tena kambini, mwalimu. Watakuua, na mimi nitarudi kuishi nao."

Nikarudi ndani kuaga. Mtoto alikuwa ameketi kitandani, mguu umefungwa bendeji, akaniuliza nafasi yake uwanjani nimempa nani. Nikamwambia sijampa mtu, inamngoja. Akafurahi, akauliza basi gari litakuja siku gani. Nikamwambia Jumamosi.

Ijumaa nikapanda meli ya Unguja.