Inspekta Aliyemtuhumu Mjane

Mtaani walimwita Ngurumo, na si kwa sababu ya mwili, maana mwili wenyewe ulikuwa wa kuhurumia: mabega membamba, shingo ndefu, suruali iliyoshikiliwa na mkanda uliotobolewa tundu la ziada kwa msumari. Walimwita hivyo kwa sauti yake. Akiagiza mkate dukani, foleni nzima iligeuka. Akipiga chafya, mama wa nyumba ya pili alipaza sauti, "Mvua hiyo, anueni nguo!" Alikuwa mwigizaji wa michezo ya redio tangu ujana wake. Alishakuwa mfalme, mlevi, hakimu, mwizi wa ng'ombe, na siku mwenzake alipougua ghafla, alikuwa mama mkwe, na watu wakapiga simu kuuliza yule mama ni nani.

Sasa sauti ile ilikuwa inakufa. Ilianza kwa mikwaruzo ya asubuhi ambayo aliilaumu baridi, kisha ikawa mikwaruzo ya kutwa. Daktari alimwonyesha picha ya koo lake, akagusa kwa ncha ya kalamu uvimbe uliokuwa umekaa kwenye zoloto, pale sauti inapozaliwa.

"Zoloto tutalitoa lote, mzee," alisema daktari. "Utakula, utapumua, utaishi. Kuongea ndiyo hapana. Upasuaji ni Ijumaa. Mpaka hapo usiitumie sauti ovyo, maana hata hiyo iliyobaki inaweza kukatika wakati wowote."

Mkewe alikuwa amekaa kando yake, mkoba umekumbatiwa kifuani. Walipotoka nje alisimama katikati ya njia, watu wakawa wanawapita huku na huku.

"Mpaka Ijumaa hiyo sauti ni yangu," alisema. "Wengine wameisikia vya kutosha."

Hakuwa anatia chumvi. Nyumbani kwao kulikuwa na desturi ambayo haikuwahi kuvunjwa ila kwa safari au msiba: kila jioni, mkewe, huyu mama, akiwa jikoni anachambua mboga, Ngurumo aliketi kwenye stuli na kumsomea gazeti. Mama mwenyewe alijua kusoma vizuri tu. Lakini mumewe hakulisoma gazeti, alilicheza. Waziri alipewa sauti ya mafua. Mlalamikaji wa takataka alipewa sauti ya mwenye nyumba wao. Mama alicheka hadi akaweka kisu chini, akafuta machozi kwa kiganja na kusema, "Hebu niache nipike, wewe mtu."

Basi Jumatatu simu ikalia. Ilikuwa kampuni ndogo ya kutengeneza magemu ya kompyuta, mahali alipowahi kwenda kujaribiwa sauti, akasahaulika. Walimtaka kesho yake, na keshokutwa, na Alhamisi. Alijibu "nitakuja" kabla hajauliza chochote.

"Gemu?" mkewe alishangaa. "Hayo ya watoto kubonyeza bonyeza?"

"Hili ni la upelelezi, mama watoto. Kisiwa cha joto, minazi, hoteli, maiti. Mimi ndiye Inspekta."

"Na huyo Inspekta hana koo lake?"

"Usinichekeshe, koo linauma."

"Sikuchekeshi. Daktari kasema nini?"

Ngurumo alivuta stuli, akaketi. Kisha akamweleza jambo ambalo alikuwa amelimeza kwa muda. Alipopata habari za ugonjwa, alikwenda stesheni ya redio kuomba nakala za michezo yake ya zamani. Mtunza kanda alipekua rafu, akarudi akijikuna kisogo. Enzi zile kanda zilikuwa adimu, mchezo ukishatangazwa kanda ilirekodiwa tena kitu kingine. "Uko chini ya mpira, mzee," alimwambia. "Tulirekodi mechi juu yako."

"Maisha yangu yote, mke wangu," alisema Ngurumo. "Juu yangu kuna mtu anatangaza kona. Hakuna hata neno moja lililobaki. Gemu halifutwi hivyo, linakaa kwenye mashine za watu. Nikiwa bubu, mahali fulani nitakuwa naongea."

"Na mimi? Nikitaka kukusikia niende nikanunue?"

"Alhamisi jioni nitakusomea gazeti zima. Mpaka matangazo ya viwanja."

Mama aliinuka. Alimtafutia skafu, akaifunga shingoni mwake kwa nguvu kidogo kuliko ilivyohitajika.

Studio yenyewe ilikuwa chumba cha kulala katika fleti ya juu. Kuta zilibandikwa magodoro na mablanketi, dirisha lilizibwa, na feni ilizimwa ili mngurumo wake usiingie kwenye maikrofoni. Mwongozaji alikuwa binti mwembamba mwenye miwani, mpole, anayekunywa chai bila kujua imepoa. Alimwamkia kwa heshima na kumwonyesha kisiwa kwenye kompyuta: mchanga mweupe, bahari ya kijani, minazi inayoyumba, na Inspekta mwenye suti nyeupe iliyolowa jasho mgongoni.

"Huko kisiwani kuna upepo," alisema Ngurumo, "na mimi hapa nachemka kama kiazi."

"Pole, baba. Vipi koo?"

"Mafua tu, mwanangu."

Kazi haikufanana na redio hata kidogo. Hapakuwa na mwigizaji mwenzake, hapakuwa na mwanzo wala mwisho. Kila kitu ambacho mchezaji angeweza kukibofya kilihitaji sentensi yake. "Kandambili hii imelowa." "Taa imevunjwa kutoka ndani." "Mlango umefungwa." "Mlango bado umefungwa." "Nimesema mlango umefungwa." Alipouliza huyo anayerudi mlangoni mara zote ana akili timamu, binti alicheka na kumwambia asubiri awaone wachezaji.

Hadithi yenyewe aliipata kwa vipande. Mwenye hoteli amekutwa ameelea ufukweni baada ya dhoruba. Wanaoshukiwa ni mpishi, mhasibu, mpiga picha, fundi wa mashua na mjane wa marehemu. Mwishoni Inspekta anawakusanya wote barazani, na mchezaji anachagua wa kumtuhumu. Kwa kuwa mchezaji anaweza kumchagua yeyote, Inspekta ilibidi awe na tuhuma kamili kwa kila mmoja, ndefu na yenye uhakika, hata kama ni ya uongo.

"Sasa muuaji ni nani?" aliuliza Ngurumo.

"Hatusemi, baba. Gemu lililopita mwigizaji alimnong'oneza shemeji yake, shemeji akaweka mtandaoni. Wewe wape wote sawasawa."

Ngurumo aliitikia kwa kichwa. Lakini mtu aliyekula ugali wa redio maisha yake yote hawezi kuacha kufikiri kiredio. Sauti yake ilikuwa kama maji ya mwisho kwenye mtungi, nani angeyamwagia magugu? Alijiambia lazima ajue tuhuma ipi ndiyo ya kweli, aitunzie sauti. Na kwenye redio jambo hili lilikuwa wazi kama mchana. Mtu anayegomba tangu mwanzo, mwenye mikono michafu na maneno makali, huwekwa pale ili msikilizaji amshuku bure. Huyo alikuwa fundi wa mashua. Mwenye hatia ni yule anayeongea taratibu, anayelia kwa adabu, anayemletea Inspekta kiti. Huyo alikuwa mjane.

Hivyo Jumanne alimtuhumu fundi wa mashua kwa sauti ya chini, bila kujikaza, kama mtu anayesoma bei ya vitunguu. Jumatano mpishi, mhasibu na mpiga picha walipita vivyo hivyo. Binti alimtazama kwa wasiwasi juu ya kompyuta yake.

"Baba, huyu mwongezee kidogo?"

"Inspekta amechoka, mwanangu. Joto la kisiwani."

Nyumbani hakuongea kabisa. Aliomba chumvi kwa kidole. Mkewe alimpa chumvi bila kumtazama.

Alhamisi alimfikia mjane. Alivua skafu, akanywa maji ya vuguvugu, akafumba macho. Kisha Ngurumo wa zamani akaamka kooni mwake, mzima mzima, pamoja na ufa mpya ambao haukuwahi kuwepo na ambao ulifanya kila neno litoke kama limekatwa kwenye nyama.

"Ulikaa naye barazani kila jioni, bibi. Yeye akiongea, wewe ukisikiliza. Alikueleza habari za siku nzima, na wewe ulikuwa umeshajua kwamba hiyo ni mara ya mwisho kuisikia sauti ile. Ulimwacha aongee. Hukumkatiza hata mara moja. Niambie, bibi, alikuwa anasema nini? Hukumbuki? Hukumbuki hata neno moja?"

Alipomaliza, magodoro ya ukutani yalikuwa kama yameshika pumzi. Binti alivua miwani, akaifuta, akaivaa tena.

"Hiyo siigusi," alisema. "Inabaki ilivyo."

"Kwa hiyo nimempata," alisema Ngurumo kwa sauti ya mikwaruzo, akitabasamu.

"Nani?"

"Muuaji. Mjane."

Binti alizima maikrofoni kwanza.

"Kazi imeisha, naweza kukwambia," alisema binti. "Ni fundi wa mashua. Ya mjane ni ya waliokosea. Wanaisikia, gemu linawaambia wamekosea, wanarudi barazani. Wengi hawatamchagua kabisa, tumeweka ushahidi mwingi wa kumsafisha."

"Turudie ya fundi. Sasa hivi."

Walirudia. Kilichotoka kilikuwa kama kiti kinachoburutwa kwenye saruji. Alikunywa maji, akajaribu tena, na mara hii hakikutoka hata kiti. Ilitoka hewa.

"Pumzika, baba," binti alimsihi. "Njoo Jumatatu, mafua yakipoa."

Ilibidi amsogelee na kumnong'oneza sikioni. "Jumatatu sitakuwa nayo. Kesho wanaikata."

Binti aliziba mdomo kwa mkono. "Ungeniambia," alisema hatimaye. "Ningekuonyesha pa kuiweka."

"Ungempa kazi mtu mwingine."

Binti aliinamisha kichwa.

Jioni ile gazeti lilikuwa mezani jikoni, limenyooshwa, na stuli ilikuwa mahali pake. Ngurumo aliketi, akafungua ukurasa wa barua, akapanua mdomo. Koo lilitoa mluzi mwembamba. Alijaribu tena, mishipa ya shingo ikamsimama. Mkewe alimtazama akijaribu, kama mtu anayemtazama mgeni akihangaika na mlango wa jirani, kisha akalichukua gazeti mikononi mwake.

"Lete," alisema.

Akavaa miwani na kusoma yeye. Alisoma barua ya mtu anayelalamikia mtaro, yote kwa mkupuo mmoja, bila kupanda wala kushuka. Alisoma habari za soko. Alifika kwenye matangazo. "Kiwanja kinauzwa. Kiko karibu na barabara. Hakina mgogoro." Hapo akasita.

"Mimi sijui kumwigiza mwenye kiwanja," alisema. "Ningejua mapema ningejifunza." Akalikunja gazeti na kuligeukia jiko, akimpa mumewe mgongo.

Upasuaji ulikwenda salama. Alirudi nyumbani na tundu chini ya koo lililofunikwa kitambaa, na pumzi yake ikawa inasikika chumba kizima. Majirani walikuja kumpa pole, wakaongea kwa sauti kubwa kana kwamba ni masikio yaliyotolewa. Mama wa nyumba ya pili alishindwa kutania, akalia, akaondoka mapema.

Gemu lilipokamilika, binti mwongozaji alilileta mwenyewe. Aliliweka kwenye kompyuta kuukuu ya sebuleni, akawaonyesha pa kubofya, akakaa ukingoni mwa kochi kidogo, kisha akaaga kama mtu aliyeacha kitu kikiungua nyumbani kwake. Mama ndiye aliyeshika kipanya. Hakuwa amewahi kucheza gemu lolote, na kwa jioni kadhaa alimtembeza Inspekta akimgonga kwenye minazi. Kwenye mlango wa stoo alibofya, akabofya tena, akabofya tena.

"Nimesema mlango umefungwa," alisema Inspekta.

Mama alicheka. Ilikuwa mara ya kwanza tangu hospitali, na Ngurumo alipiga goti lake kwa kiganja kwa furaha.

Lakini mama alikuwa na akili, na ushahidi wa kisiwani haukumsumbua. Aliiona kamba ya mashua iliyokatwa, akaliona tope kwenye viatu vya fundi. Walipofika barazani hakusita hata kidogo, alimbofya fundi. Na Inspekta akamtuhumu fundi wa mashua kwa sauti ya chini, iliyochoka, kama mtu anayesoma bei ya vitunguu. Fundi akafungwa pingu. Maandishi ya pongezi yakapita juu ya bahari.

"Ndiyo hiyo tu?" mama aliuliza. "Hiyo ndiyo uliyonipotezea Alhamisi yangu?"

Ngurumo alichukua kipanya. Aliurudisha mchezo barazani, akambofya mjane.

Sauti ikajaa sebule. Ulikaa naye barazani kila jioni, bibi. Yeye akiongea, wewe ukisikiliza. Mama aliacha mikono mapajani. Alisikiliza hadi mwisho, hadi kwenye lile swali, hukumbuki hata neno moja, kisha kioo cha kompyuta kikawa cheusi na herufi nyeupe zikatokea: Umekosea. Muuaji bado yuko kisiwani.

"Hayo maneno ni yako?" aliuliza.

Ngurumo alitikisa kichwa. Yaliandikwa na watu wa gemu.

"Alikuwa anaambiwa nani?"

Gemu lilikuwa limerudi barazani, akamwonyesha kwa kidole mwanamke wa kwenye kioo, mwenye nguo nyeusi, mpole, anayemsubiri Inspekta kwa kiti.

Mama alimtazama mwanamke yule kwa muda. Uso wake haukulegea, na wala hakumshika mumewe mkono. Kitambaa cha shingoni mwa Ngurumo kilipanda na kushuka.

"Haya," alisema. "Mtuhumu tena."

Ngurumo akabofya.