Tone Juu ya Kigae

Mwaka 2012 nilikuwa afisa wa afya ya umma mjini Lodwar, na maziwa ya chai yangu yalitoka kwa mama mmoja mfugaji wa Kanamkemer. Kila asubuhi alinimiminia kutoka katika kibuyu chenye harufu ya moshi, akinisalimu kwa Kiturkana, "Ejok, mwanangu," kisha akasimama mlangoni hadi nimalize kikombe. Mama yangu mzazi nilikuwa nimemzika mwaka uliotangulia. Sikuwahi kumwambia hilo, lakini nadhani alijua.

Kazi yangu ilikuwa kuwafundisha wanunuzi kujilinda. Kiangazi kilipozidi, wachuuzi walianza kuongeza maziwa kwa maji ya visima vilivyochimbwa katika mchanga wa mto, mlimonyweshwa mifugo, na watoto wakawa wanaharisha. Jaribio nililofundisha lilikuwa jepesi: unadondosha tone juu ya kigae kilichoinamishwa. Maziwa halisi hutambaa polepole yakiacha njia nyeupe. Yaliyotiwa maji hukimbia bila kuacha alama.

Siku ya maonyesho sokoni nilimwita yule mama. Nilitaka watu wajionee maziwa safi, na, kusema kweli, nilitaka kumtukuza mbele yao.

Alikikumbatia kibuyu chake. "Leo niache, mwanangu," alininong'oneza. "Chukua ya huyu mwingine."

Nilidhani ni haya. Nikacheka, nikadondosha.

Tone lilikimbia hadi chini, kigae kikabaki kama kilivyokuwa.

"Kumbe hata wewe, mama!" mnunuzi mmoja akapaza sauti. "Daktari amekunywa mto wote!"

Soko zima likaangua kicheko.  Mama alifunga kibuyu, akajitwika, akaenda. Asubuhi iliyofuata hakuja, wala nyingine yoyote.

Jirani yake ndiye aliyenieleza. Mbuzi wake walikuwa wamekauka, wakabaki wawili tu wa kukamuliwa, naye hakuweza kumwambia mteja yeyote arudi na kikombe kitupu. "Lakini maziwa yako alikuwa anakamua kando," alisema. "Yako hakuweka maji hata siku moja."

Nimejaribu mara nyingi kujitetea kwa kuwataja wale watoto. Maji yale yaliwaumiza, na ilinipasa kusema. Ila ningeweza kumsikiliza aliponiomba kwa kunong'ona.

Mwaka 2013 nilitumwa Kakuma na somo lilelile, na kigae kilekile mkobani. Nilimkuta yule mama nje ya nyumba ya bintiye, akiuza makaa. Nilichuchumaa, nikamwomba radhi. Alinisikiliza hadi mwisho, kisha akachota maji mtungini, akanipa kikombe.

"Ejok," alisema. Hakuongeza "mwanangu". "Kunywa. Ama unataka kupima kwanza?"

Nilitafuta utani usoni mwake, sikuuona. Nikanywa. Mteja alikuwa amefika, naye akamgeukia na kuanza kumpimia makaa. Hakungoja nimalize.