Kurasa Nilizozigandisha kwa Uji wa Muhogo

Nisipoisimulia mwenyewe mtaipata kwa Mama Kapinga, naye anaongeza chumvi, kwa hiyo kaeni niwaambie nilivyoaibika mbele ya wazazi wote wa hapa kwetu ziwani, mimi ambaye watoto wakiniona njiani wanachomekea mashati.

Kilichonitia kiherehere ni uenyekiti wa kamati ya wazazi wa sekondari yetu. Niliutaka, na Mama Kapinga naye aliutaka. (Nimeishia darasa la nne, lakini kufoka najua, na kamati inataka mtu wa kufoka.) Basi ikazuka habari kwamba kidato cha nne wamepewa riwaya chafu, ndani yake mzee wa kanisa anapitia dirishani kwa mke wa jirani, wazazi wakaitana mkutano na kutaka vitabu vichomwe moto. Mkuu wa shule akasema havichomwi, ni mali ya serikali na mtihani unaviulizia. Watu wakanyamaza, na mimi nikiona watu wamenyamaza mdomo unaniwasha.

"Tusichome," nikasema. "Mwalimu anionyeshe kurasa chafu, nizigandishe zisifunguke mpaka Yesu arudi!"

Nilipigiwa makofi hayo! Sikusoma hata mstari mmoja, nikabeba vitabu hadi nyumbani, nikapika uji mzito wa unga wa muhogo, ule tunaobandikia magazeti ukutani, nikapaka kurasa nilizoonyeshwa, nikavianika vitabu juu ya chanja ya kuanikia usipa, dagaa wetu wa hapa ziwani, na kuvikandamiza kwa mawe. Vilirudi shuleni vinanuka dagaa, lakini vina adabu.

Siku ya uchaguzi akaja mama mmoja, afisa kutoka wilayani. Mkuu wa shule akanisifu, nami nikasimama na kitenge changu kipya cha Mbinga, nikajitapa kwamba sasa hakuna mtoto anayeujua uchafu ule. Ningekaa hapo hapo, ningeshinda. Lakini ulimi huu! Nikaongeza: "Mgeni, waulize mwenyewe."

Akamwinua mjukuu wangu Skola kutoka benchi la kidato cha nne. "Haya binti, kitabu chenu kinasimulia nini?"

Skola akaeleza dirisha, akaeleza suruali ya mzee wa kanisa ilivyonasa kwenye msumari, akaeleza mume aliyerudi ghafla kufuata panga alilosahau, na wenzake nyuma wanamsahihisha: "Si panga, jembe!"

"Na mwanzo wake je?"

Skola akainama. "Mwanzo hatuujui, mama. Mwanzo haukugandishwa."

Wazazi walicheka mpaka mabenchi yakalia. Kumbe kabla yangu hakuna aliyekuwa amekifungua kitabu kile, mimi ndiye niliyewaonyesha pa kufungulia, na kufungua kwenyewe walikuwa wanakishikilia juu ya sufuria la maharage la shule mpaka mvuke unalegeza uji. (Nimekula muhogo maisha yangu yote, na sikukumbuka kwamba ukipata mvuke unalainika!)

"Bibi Skola," Mama Kapinga akapaza sauti, "tugandishie na Biblia, watoto waijue!"

Hapo hata mgeni alifuta machozi kwa kicheko. Alipotulia akasema mtihani unauliza kitabu kizima, si dirisha tu, kwa hiyo kurasa zote ziganduliwe, na azigandue aliyezigandisha. Kura zikapigwa, Mama Kapinga akauchukua uenyekiti nikimwangalia.

Nikakaa barazani pa shule na birika la maji ya moto, nagandua ukurasa mmoja mmoja vidole vinaungua, na wanafunzi wanapita kwa heshima zote: "Shikamoo bibi, umefika dirishani?"

"Marahaba, piteni huko!"

Basi gundi nimeacha. Siku nyingine nikisikia kitabu kibaya kimeingia shuleni, nitawaita watoto na kuwaambia ni kizuri mno, kina mafunzo, wakisome chote na Jumapili nitawauliza maswali. Tuone nani atakigusa.