Bwawa la Mheshimiwa Haskell

Orrin Haskell alianza na msumeno mmoja uliozungushwa na maji, akaishia kumiliki kiwanda cha mbao kilicholisha mji mzima, kaskazini mwa jimbo la Wisconsin, Marekani. Vidole viwili alivipoteza kwenye msumeno huo. Mwaka 1871 jirani yake, Lemuel Tuttle, alipita nyumba kwa nyumba akiwaambia watu, "Mchagueni Orrin. Ana vidole vinane tu, hawezi kuiba sana." Wakacheka, wakamchagua, akaingia bunge la jimbo.

Muswada wake wa kwanza ulihusu bwawa lake mwenyewe. Ukuta ukiinuliwa futi nne, maji ya barafu inayoyeyuka yangebeba magogo yote ya majira ya baridi hadi kiwandani. Yangefunika pia konde la majani ya ng'ombe la Lemuel, walikozikwa watoto wake watatu waliouawa na dondakoo katika juma moja. Orrin hakulisahau hilo. Aliandika kwa mkono wake kwamba wenye ardhi wapewe hadi tarehe mosi Aprili kuhamisha kilicho chao, akajiona ametenda haki. Muswada ukapita, ukuta ukainuliwa.

Kosa lilikuwa kwenye tarehe. Kule ardhi huganda Novemba ikawa kama chuma. Anayekufa Januari huwekwa katika banda la makaburini, akangoja udongo ulainike mwishoni mwa Aprili. Mama yake Orrin alikaa humo majuma kumi na mawili. Lakini akiwa katika mji mkuu, kalamu mkononi, mwanawe aliwaza magogo tu.

Juma la mwisho la Machi alimkuta Lemuel amewasha moto juu ya makaburi, ameshika sururu.

"Karibu, Mheshimiwa," Lemuel alisema bila kuinua kichwa. "Umekuja kuomba kura za hawa pia?"

"Umefika wapi?"

"Shubiri mbili. Chini yake udongo umeganda kama mwamba. Nipe majuma matatu, Orrin. Usifunge milango ya bwawa."

Orrin akautazama mto. Barafu ilikwisha kuanza kupasuka. Maji yale huja mara moja kwa mwaka. Yakipita, magogo hubaki msituni na kiwanda hunyamaza.

"Nitakuletea watu kumi."

"Watu ninao. Niletee jua."

Walichimba siku tano, wakamtoa mmoja, Phoebe, mdogo wao, aliyezikwa kina kifupi. Tarehe mosi msimamizi wa bwawa alikataa kugusa milango, Orrin akaifunga mwenyewe. Alisimama ukutani mpaka maji yakauzima moto.

Bila majani Lemuel aliuza ng'ombe wake, akaajiriwa kiwandani kupanga mbao. Novemba uchaguzi ulirudi. Siku hizo kila chama kilikuwa na karatasi ya kura yenye rangi yake, na msimamizi wa kiwanda alisimama kando ya sanduku akitazama nani anatumbukiza rangi gani. Lemuel alichukua karatasi ya Orrin, akaitumbukiza, akavaa kofia yake, akarudi kazini.