Kuku wa Mbegu za Fenesi

Shangazi yangu Kokuhirwa alilisha kuku wa nyama wa kijiji chetu, Kaagya, kwa miaka mitatu bila kuonja hata paja moja. Kwetu Wahaya mwanamke hakula kuku. Kufuga afuge, kupika apike, lakini kula ni kwa wanaume. Mimi hadi leo nikikumbuka nakasirika. Yeye hakukasirika, alikuwa amechoka mno.

Baada ya vita chakula cha kuku kilikoma kuletwa, ndipo akageukia mbegu za fenesi. Mara ya kwanza aliwapa mbichi, wakaharisha, wakafa kumi na wanne. Akajifunza kuzichemsha, kuzimenya, kuzianika na kuzitwanga pamoja na vumbi la dagaa. Akitoka shamba la ujamaa anaingia kwenye kinu. Viganja vilimpasuka, hata sindano hakuweza kuishika.

Mwenyekiti Ishengoma alikwisha kutangaza kwamba kuku hawa sitini wasiponunuliwa, banda linageuzwa ghala la kahawa.

Mnunuzi akaja, mpishi wa bweni la shule moja mjini, mgeni kutoka Tanga. Wakampikia kuku mmoja. Aliposikia habari za mbegu, akaisukuma sahani.

"Si itakuwa chungu hii? Wewe mwenyekiti utasifu tu. Aonje mama aliyewalisha."

"Waitu, bwana, mimi sili kuku," Shangazi akasema taratibu.

"Hali! Basi anajua alichowalisha. Nikawape watoto wa watu?" Akachukua kofia yake.

Wanaume wakatazama chini. Nadhani Ishengoma aliona aibu kumweleza mgeni mwiko wetu.

Shangazi akanawa mikono. Akachukua paja mbele ya wanaume wote, mbele ya baba yangu ambaye ni kaka yake, akala polepole mpaka mfupani. Nililia, nikiwa na fahari na huruma kwa pamoja.

"Si chungu," akasema.

Mgeni akawachukua wote waliobaki. Ishengoma akamshukuru mgeni sana. Baba hakuongea na dada yake hadi Pasaka.

Jioni ile nilimkuta Shangazi kwenye kinu, nikamuuliza kuku ana ladha gani. Akaegemea mchi.

"Ni mtamu, Joviana," akasema. "Miaka mitatu yote hii, kumbe ni mtamu."

Kisha akaendelea kutwanga, maana vifaranga wengine walikuwa wanakuja Jumatatu.